Mbao Zilizomegwa

Asubuhi ile Fundi alitoka bandani amekumbatia ubao kama mzazi aliyembeba mtoto aliyepigwa na wenzake. Hakusalimu. Akausimamisha mbele ya mama yake na kunyooshea kidole mahali palipopaswa kuwa na pembe.

"Tazama hapa, mama."

Mama Fundi alikuwa ndiyo kwanza anamaliza sala yake, mkeka haujakunjwa. Akautazama ubao, akamtazama mwanawe, kisha macho yake yakavuka ua mpaka kwenye mlango wa banda. Kufuli lilikuwa zima.

"Huyu hakuvunja," akasema. "Huyu ana ufunguo."

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu watu walioushika ufunguo wa banda lile walikuwa wachache, na wote walikuwa wake: mwanawe, mke wa mwanawe, na Ngongoti, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akifungua asubuhi na kukoka moto chini ya pipa.

Mbao zenyewe zilikuwa za mabua ya mahindi. Fundi alikwenda kwenye mafunzo akarudi na cheti na neno jipya, selulosi, ambalo mbele ya wageni alilitamka kwa kulivuta. Maana yake, alisema, ni ule uzi ulio ndani ya kila mmea, unaoufanya usimame hata upepo ukivuma. Wakulima waliyachoma mabua yao kila baada ya mavuno. Yeye aliyaomba, akayakatakata, akayachemsha kwenye pipa pamoja na magadi makali mpaka yakalegea, akayatwanga yakabaki nyuzi tupu. Nyuzi zile alizichanganya na udongo mweupe uliochekechwa na gundi ya wanga, akazimwaga kwenye fremu na kuzikandamiza kwa jeki ya gari. Zikikauka, unapata ubao mwepesi kuliko mti, usioshika moto upesi, na mzuri wa kufungia dari.

Siri ya kazi ilikuwa kwenye kusuuza. Magadi yakibaki ndani ya nyuzi, ubao hugeuka njano na kupasuka. Mkono ndio huambiwa kwanza: maji yakiteleza vidoleni kama ya sabuni, bado. Yakiacha kuteleza, kazi inakuwa ya ulimi. Ngongoti akionja alisema tayari kila mara, hasa saa za jioni. Fundi mwenyewe alivuta sigara, ulimi wake ulishakufa ganzi. Aliyeaminiwa ni mke wa Fundi. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho kidogo, na akisema tayari, basi ni tayari.

Huyu mtaa mzima ulimwita Bibi Harusi, ingawa harusi yenyewe ilishasahaulika. Walioolewa baada yake walikuwa wanaitwa mama fulani na mama fulani. Yeye mimba mbili zilikuwa zimeharibika, zote baada ya kutangazwa, na jina la Bibi Harusi likamganda kama nguo ya kuazima ambayo mwenyewe haji kuichukua.

"Ngongoti atakuwa anapeleka sampuli kule kwa wale watengeneza dari wa barabara kuu," Fundi akasema. "Wanataka kujua tunachanganya nini."

Mama Fundi akaukunja mkeka. Lakini tangu saa ile kila aliyevuka ua ule alivuka mbele ya macho yake.

*

Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea ndiye aliyekuwa ameagiza mbao hizo kwa ajili ya dari za madarasa yake. Malipo ya awali yalikwishaingia kwenye jeki mpya na fremu za chuma, kwa hiyo kuyarudisha hakukuwezekana hata kwa kuota. Alikuja kuzikagua jua likiwa limeanza kuwaka, mkoba kwapani, akapita kati ya chanja za kukaushia akizipapasa mbao mojamoja kama anayechagua kitambaa cha gauni. Fundi akamfuata nyuma akieleza habari za selulosi.

Mwalimu akasimama. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye pembe isiyokuwepo. Akatazama ubao uliofuata, na wa chini yake.

"Fundi, hizi nauziwa mimi, au kuna mteja aliyetangulia kuonja?"

Fundi akacheka kicheko kikavu. Akasema ni ajali za kugeuza, zitabadilishwa zote.

"Wanangu watalala chini ya dari hizi," Mwalimu akasema. "Kama zinameguka kabla hazijapanda juu, zikipanda itakuwaje? Nitakuja tena. Nikikuta hivi, tutarudishiana kilichotolewa, tusigombane."

Alipoondoka, Fundi alisimama mlangoni mwa banda, mishipa ya shingo imemtoka. Ngongoti alikuwa akijiandaa kwenda kula, mfuko wake begani.

"Lete huo mfuko."

Ngongoti akadhani utani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwepesi wa kucheka; hata jina lake, la wale wachezao juu ya magongo marefu, alilipokea kwa kicheko. "Kuna nini humu zaidi ya shati la jasho? Ukilitaka chukua, ila ulifue."

Fundi aliupindua mfuko pale pale uani. Majirani waliokuwa wakipita waliacha kupita. Likaanguka shati, ikaanguka chupa ya maji, na mwisho kikaanguka kipande cha ubao, ukubwa wa sahani.

"Hicho ulikitupa mwenyewe," Ngongoti akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kilipasuka kwenye fremu. Nakipeleka nikazibe dirisha langu, kioo kilivunjika."

"Dirisha la nani? La wale wa barabara kuu?"

Ngongoti aligeuka akamtafuta Mama Fundi, ambaye alikuwa kwenye kamba anaanika nguo.

"Mama mdogo. Na wewe unaamini hivyo?"

Mama Fundi ndiye aliyemlea. Alipofiwa na dada yake alimchukua akiwa bado anabebwa mgongoni. Alitaka kusema neno, ila lile la asubuhi, la ufunguo, lilikuwa limemkaa kooni na hakuna jingine lililoweza kulipita. Akakung'uta shuka, akaianika, akatafuta kibanio.

Ngongoti aliokota shati lake na chupa yake. Kipande cha ubao alikichukua pia, kwa makusudi, mbele ya macho ya wote, akauacha ufunguo mlangoni mwa banda, akaondoka.

*

Pembe ziliendelea kumegwa.

Fundi alipoona hivyo hakusema kwamba amemwonea binamu yake. Mtu akishamfukuza mwenziwe hadharani, huwa radhi kuamini jambo lolote kuliko hilo. Alisema sasa watakuwa ni panya, wamezoea wanga wa gundi. Mama Fundi naye alikuwa na lake. Panya huacha vumbi la meno na mavi, na yeye alikuwa amepiga magoti chini ya chanja akatafuta, hakuona. Pembe zilivunjwa vizuri, kama mtu anavyomega mkate.

Akaanza kumtazama mkwewe.

Aliona kwamba Bibi Harusi siku hizi huwahi bandani kabla ya chai, ati anageuza mbao. Aliona kwamba akitoka huko husukutua mdomo bombani kwa muda mrefu, akatema, akasukutua tena. Aliona chakula kinasukumwa pembeni mwa sahani. Pindo la kitenge lilikuwa limefungwa fundo kila wakati, na alipoulizwa kuna nini humo alijibu, "Ni chenji tu, mama," akaligeuzia upande wa pili. Mama Fundi akayaunganisha yote, na yalivyomjia yalikaa sawasawa: anapeleka vipande kwa Ngongoti, Ngongoti anavipeleka barabara kuu. Wale wawili walikuwa wakitaniana sana. Aliomba makosa yake yasamehewe kwa kumdhania mtoto wa watu, na alipoinuka kutoka kwenye maombi hayo akaenda dirishani kumtazama tena.

Siku moja mchana alimkuta Fundi nyuma ya jiko, amechuchumaa, anakoroga gundi ya wanga kwenye kopo. Kando yake palikuwa na pakiti ndogo yenye picha ya fuvu. Alikuwa amefunga kitambaa puani.

"Hiyo ni nini?"

Fundi alishtuka, kisha akamwashiria ateremshe sauti. Alikuwa anapaka pembeni mwa mbao mpya, zile za chanja ya dirishani. Panya wakila mara moja hawatarudia. Mama Fundi akamuuliza, na shule je? Wale watoto?

"Zitakuwa darini, mama. Nani atapanda akazilambe? Na kabla hazijaenda nitazisugua kwa msasa. Ila neno hili lisitoke. Mwalimu akisikia kuna sumu, tumekwisha."

"Mkeo anajua?"

"Bibi Harusi? Akiambiwa leo, kesho foleni nzima ya bombani inajua." Akakoroga. "Wewe na mimi, basi."

Mama Fundi alisimama pale. Ulimi wake ulitaka kusema mwambie mkeo. Lakini akafikiri: kama ni panya, hana haja ya kujua; na kama si panya, kama ni yeye anayemega na kupeleka, basi akiambiwa ataepuka chanja ya dirishani na kumega kwingine, na ukweli hautajulikana kamwe. Kupeleka kipande cha ubao mkononi hakumuui mtu. Atanawa. Akajiona amepima vizuri.

"Haya," akasema. "Nimefunga mdomo."

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kufua. Mama Fundi alichukua kitenge cha mkwewe kutoka kwenye kapu, na pindoni fundo lilikuwa bado limefungwa; mwenyewe alikuwa amebadilisha nguo kwa haraka akalisahau. Mama Fundi alitazama huku na huku. Alijua kwamba kufungua fundo la mwenzio si tabia ya mcha Mungu, na vidole vyake vilikuwa vinafungua wakati akijua hivyo.

Hapakuwa na chenji. Palikuwa na kipande cha ubao, kimeloa ukingoni na kukauka tena. Ushahidi, akawaza, na moyo wake ukaruka kama wa mtu aliyeshinda. Akakigeuza kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na alama ndogondogo zilizopangana kwa upinde.

Yalikuwa meno ya mtu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda hakuelewa anachokitazama, kisha akakinusa. Kilinuka udongo wa mvua ya kwanza. Na harufu ile ikamrudisha mahali ambapo alikuwa hajakwenda kwa miaka: kona ya jiko la mama yake, yeye akiwa msichana aliyeolewa juzi, tumbo lake na Fundi ndani yake likiwa bado siri, kucha zake zikikwangua ukuta, na ladha ile tamu ya udongo ikiyeyuka ulimini, tamu kiasi cha kumfanya alie. Alikuwa ameukwangua ukuta ule mpaka fito zikaonekana. Na mama yake alikuwa amewashuku mbuzi.

Chakula kinachosukumwa. Kusukutua mdomo. Kimya cha mtu aliyekwishatangaza mara mbili na mara mbili akapewa pole.

Ndoo ilianguka nyuma yake. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mbao zikigeuzwa, taratibu, moja baada ya nyingine. Halafu sauti ikakoma.

Mama Fundi hakuwa mtu wa kukimbia. Magoti yalikuwa yamemstaafisha. Siku ile alikimbia, kilemba kikabaki uani.

Bibi Harusi alikuwa kwenye chanja ya dirishani, ameupa mlango kisogo. Taya lake lilikuwa linakwenda.

"Tema."

Msichana aligeuka, uso umejaa haya ya mtu aliyefumaniwa. Akaficha mkono nyuma. "Mama, mimi nilikuwa nage..."

"Tema, mwanangu. Tema yote. Hiyo ina sumu."

Hakuelewa. Alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. Mama Fundi akamshika shavu kwa mkono mmoja, akaingiza vidole vya mkono wa pili mdomoni mwake kama mtu anavyomtoa mtoto mchanga kitu kooni, akakomba uji mweupe ukaanguka chini.

"Umemeza?"

"Kidogo. Sumu ya nini, mama? Nani ameiweka?"

"Umemeza kiasi gani?"

"Kidogo. Mama, nina mimba." Ndipo akaanza kulia, bila sauti, udongo ukiwa bado kwenye kona za midomo. "Nilikuwa naonja yale maji, kila siku naonja, mpaka ulimi ukaanza kuutaka ule udongo wenyewe. Nilijaribu kuacha. Nilisema nitawaambia ikikaa. Ikikaa vizuri."

*

Zahanati ilikuwa na benchi moja na watu wa kulijaza mara mbili. Mama Fundi hakupanga foleni. Aliingia moja kwa moja na pakiti yenye fuvu mkononi, na hakuna aliyemzuia. Fundi alifika nyuma yao anahema, gundi imemkaukia mikononi.

Muuguzi alisoma pakiti, akampa mgonjwa maji meusi ya mkaa anywe, akamchoma sindano. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka, na aliuliza maswali yake huku anaandika bila kuinua kichwa.

"Sumu hii iliwekwa kwenye nini?"

"Kwenye mbao," Fundi akasema.

"Mbao za kulia chakula?"

"Za dari. Kuna panya."

Muuguzi alimtazama mgonjwa kitandani, akamtazama Fundi. "Na huyu panya ana mimba ya miezi mingapi?"

Fundi alifungua mdomo. Ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa kwamba kuna mimba, na aliyemwambia ni mtu baki, mbele ya mtu aliyefungwa bandeji na mwingine anayekohoa. Akaegemea ukuta.

"Nani nyumbani alijua mbao zina sumu?"

"Mimi," Fundi akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli akiwa amechoka, akaongeza: "Mimi na mama."

Bibi Harusi alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua. Aligeuza kichwa polepole kwenye mto, na hakumtazama mumewe. Alimtazama mama mkwe, akamtazama kwa muda, bila hasira, kama anavyofumba na kufumbua macho akionja maji ili ajue ndani yake kimebaki nini.

Mama Fundi alitaka kumwambia. Alitaka kusema nilidhani unazipeleka, sikudhani unakula. Akajisikia jinsi ambavyo maneno hayo yangetoka, akayameza.

Walikaa naye pale mpaka muuguzi aliporidhika. Mtoto yumo, akasema, na anadunda. Sasa nendeni mkamlishe mama yake chakula cha watu.

*

Mbao za chanja ya dirishani zilifukiwa shimoni zote, hata zile nzima. Mwalimu Mkuu alifuatwa shuleni akaombwa muda. Fundi alimweleza yote, mpaka pakiti, kwa sababu Mama Fundi alisema asipoeleza yeye, ataeleza mama yake. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti. Akasema muda atapewa, lakini mbao zikiletwa atachukua moja, atailoweka kwenye maji, na maji hayo Fundi atayanywa mbele ya kamati ya wazazi. Fundi akakubali.

Kwa Ngongoti alikwenda Mama Fundi mwenyewe. Alisimama nje ya chumba chake, na kabla hajabisha hodi aliliona dirisha. Kipande cha ubao ukubwa wa sahani kilikuwa kimekatwa vizuri kufuata fremu, kimeziba mahali pa kioo.

Ngongoti hakupandisha sauti. Alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amefurahi kwa habari za mtoto, na kwamba kazini atarudi, maana kazi ile anaipenda.

"Ila kila jioni, mama mdogo, nitasimama pale uani mnikague mfuko. Kama siku ile. Sitaki tena mtu aje ajiulize."

Mama Fundi alidhani ni maneno ya uchungu, yatapoa. Hayakupoa. Kila jioni, kazi ikiisha, Ngongoti alisimama katikati ya ua, akaufungua mfuko wake, akaushika wazi. Fundi alitazama chini. Majirani walitazama ndani. Ilibidi Mama Fundi ndiye aende, achungulie shati na chupa ya maji, aseme, "Nenda salama, mwanangu," na Ngongoti aseme, "Asante, mama mdogo," afunge mfuko, aende zake.

Jioni moja ya namna hiyo, baada ya Ngongoti kuondoka, Mama Fundi alichemsha chai. Bibi Harusi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, tumbo limeanza kujitangaza lenyewe bila kuomba ruhusa. Alimmiminia kikombe, akampelekea kwa mikono miwili.

"Kunywa, ingali moto."

"Asante, mama."

Alikipokea. Akakileta karibu na midomo, kisha akakishusha kidogo, akatazama ndani. Ilikuwa mara moja tu, kwa haraka, na pengine mwenyewe hakujua kwamba amefanya hivyo. Mama Fundi aliona. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuona.

Akakichukua kikombe mkononi mwa mkwewe, taratibu, akanywa funda moja. Akameza. Akamrudishia.

Bibi Harusi alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Hakunywa. Alimtazama mama mkwe usoni, akangoja. Na Mama Fundi akakaa kwenye ngazi ile, mikono mapajani, hakugeuza uso, akaacha atazamwe kwa muda wote ambao yule msichana angehitaji.